Bwawa la Rangi ya Damu ya Mzee

Mvua ikianza, watu wenye akili zao hukimbilia ndani. Mimi nilikuwa nakimbilia nje. Ndiyo kazi iliyonipeleka Mafia: mawingu yakishaziba na minazi ikaanza kuyumba, navaa koti la mvua, nabeba ndoo yangu ya chupa, huyooo, machimboni. Wanawake waliokuwa wakianua nguo na makopa ya muhogo walinipisha njiani wakicheka. "Mpisheni mtu wa bara, mvua inamwita!" Sikuwajibu, maana ukifungua mdomo kwenye mvua ile unaingia maji.

Machimbo yenyewe yalikuwa mwendo mfupi kutoka Ndagoni, kwenye mwinuko unaoteremkia baharini. Tangu hifadhi ya bahari ianze hakukuwa na ruhusa ya kuvunja matumbawe majini, kwa hiyo waliotaka mawe na kifusi waligeukia nchi kavu, kwenye matumbawe ya kale yaliyolala chini ya udongo. Mkandarasi mmoja alichimba hapo mpaka kilima kikawa shimo. Kila masika maji mekundu yaliteremka kwa korongo hadi baharini, yakatandaza tope juu ya mashamba ya mwani. Watu wakapiga kelele, wakubwa wakaja, wakashika viuno, wakaangalia. Mwishowe mkandarasi akaambiwa asawazishe alipochimba, apande nyasi na mivinje, azibe korongo kwa mawe, na chini kabisa aweke bwawa ili tope litulie humo. Na awepo mtu wa kupima maji hayo kila mvua inaponyesha, mpaka ionekane kwamba kidonda kimepona. Mtu huyo nikawa mimi, binti wa Njombe, niliyekuwa sijui hata kuogelea.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mzaliwa wa hapo hapo, nyumba yake ikiwa ya mwisho kabla ya kufika ufukweni. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi. Siku ya kwanza nilipomwambia shikamoo akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akayatazama mabuti yangu ya mpira kutoka chini mpaka gotini, akauliza, "Haya mwanangu, huko utokako bahari inafika mpaka hapo?" Nikacheka mpaka ndoo ikaniponyoka. Hapo hapo nikajua tutaelewana.

Shamba lake la mwani lilikuwa mbele ya nyumba, pale pale lilipokuwa likiishia korongo. Yeye na marehemu mumewe walilipigia vigingi pamoja, siku ambazo wanawake wengi walikuwa bado wanasitasita kujitosa kwenye kazi hiyo. Aliwahi kunionyesha kigingi kimoja kilichochongwa na mumewe, cheusi, kimejaa chaza wadogo wadogo. Hakukitumia tena. Alikiegemeza ukutani, karibu na mtungi, na kila akipita alikigusa bila kukitazama.

Sasa, nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na begi. Begi kubwa la magurudumu, la buluu, bado limevikwa nailoni yake ya dukani. Mwanawe wa pekee, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ndiye aliyemletea wakati wa Idi. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki umfikirie vibaya. Alimwona mama yake anakonda, anahangaika na mwani unaooza mikononi, akamwambia, "Mama, imetosha. Mwani ukifa tena unakuja kukaa kwangu." Na Bi Mkubwa, kwa kuchoka, akampa neno lake: mwani wa masika haya ukifa, nitakuja.

Neno la Bi Mkubwa halikuwa neno la kurudi nyuma. Nililichukia lile begi. Kila nikiingia kuchukua kibiriti nililiona limesimama pale na nailoni yake, linasubiri, na nilikuwa nalisonya. Bi Mkubwa alinisikia. "Unamsonya nani?" "Begi lako." "Begi limekukosea nini?" "Limekaa vibaya." Akatikisa kichwa. Siku moja alisema, kama mtu anayezungumza na jiko, "Nikienda kule nitawekwa ghorofani, nitazame feni inavyozunguka mpaka Mungu anichukue." Nikamwambia kwa hasira kwamba haendi popote. Yeye akageuza samaki upande wa pili na kuniambia nisimkaripie mbele ya chakula.

Nilitaka abaki. Haki ya kutaka hivyo sikuwa nayo, nilikuwa mpangaji tu, lakini nilitaka kwa roho yangu yote. Na nilijiambia kwamba jambo hilo liko mikononi mwangu, maana kama ni tope lililoua mwani, basi mimi ndiye mwenye kulijua tope.

Niseme kidogo namna nilivyolipima. Nilikuwa na mrija mrefu wa plastiki unaopitisha mwanga, na kwenye kitako chake kwa ndani umechorwa msalaba mweusi. Unaujaza maji ya mvua kutoka mlangoni mwa bwawa, pale yanapomwagikia korongoni, unachungulia kwa juu. Maji yakiwa na tope msalaba hauonekani. Unayamwaga kidogo kidogo kwa chini mpaka utokee, halafu unasoma urefu wa maji yaliyobaki. Kadiri maji yanavyobaki mengi na msalaba unaonekana, ndivyo yalivyo safi. Bi Mkubwa alipenda sana kunichokoza kwa hilo. Nikirudi nimelowa chapachapa, midomo imenikauka kwa baridi, alinipokea na kanga kavu mlangoni na kuniuliza, "Haya, Mkristo, msalaba umeonekana?"

"Umeonekana, Bi Mkubwa."

"Alhamdulillahi," akasema, tukacheka wote wawili.

Lakini kuna jambo siwezi kulisema kwa vipimo. Mvua ya masika ikikukuta mahali pa wazi, kwanza unalowa na unakasirika. Kisha unalowa zaidi, huna tena cha kulinda, hasira inatoka. Baada ya hapo dunia yote inaondoka. Nyumba hazionekani, minazi inabaki vivuli, sauti zote zinakuwa sauti moja, na wewe umesimama kwenye nyasi za shimo lililofunikwa, hujui tena kama umesimama au unaelea. Nilikuwa nachungulia ule mrija na maji yanatiririka shingoni mwangu, na kule chini kabisa, kwenye maji ya rangi ya chai, msalaba unakuja taratibu. Unakuja, unapotea, unakuja. Kuna siku nilisahau kusoma urefu, nikabaki naangalia tu. Nilijisikia mtulivu namna ambayo sijapata kujisikia kanisani, Mungu anisamehe.

Na bwawa lenyewe lilikuwa na tabia zake. Mvua ikikatika lilijaa pomoni, kerengende wakashuka juu yake, mivinje ikajitazama humo. Kesho yake nikirudi maji yamepungua. Kesho kutwa yamepungua tena, na mlangoni hapakuwa na hata tone linalotoka. Nikasema ni jua. Jua la Mafia linakausha nazi, litashindwa na bwawa? Nikaandika jua.

Mchana baada ya kula nilikuwa najilaza chumbani mwangu, dirisha wazi, pazia linavuta pumzi na kuziachia. Kwenye usingizi ule mwepesi, ambao unasikia kila kitu na huwezi kuinua hata kidole, nilisikia maji. Hayakuwa ya baharini, ya baharini niliyajua. Haya yalikuwa madogo, ya mbali, yanapita chini ya kitanda. Nikiamka hakuna kitu. Nilimwambia Bi Mkubwa, akasema mvua nyingi zimenijaa masikioni, niinamishe kichwa nirukeruke kwa mguu mmoja. Nikarukaruka kweli, mbele yake, naye akakaa chini kwa kicheko.

Basi masika yale maji yalikuwa safi. Kila mvua, msalaba. Nilimpigia bosi wangu simu, akafurahi, akasema kidonda kimepona, bado kumalizia tu. Nikamwambia Bi Mkubwa afunge mbegu bila wasiwasi, tope limekwisha. Akafunga. Nilimsaidia jioni kadhaa, tumekaa kwenye mkeka, tunafunga vipande vya mwani kwenye kamba, yeye vidole vyake vinakwenda vyenyewe huku anasimulia habari za Ras Kisimani, mji ule uliobaki magofu, ambao anasema bibi yake alimwambia ulimezwa na bahari kidogo kidogo, watu wakahamisha vyombo vyao bila kuamini. Niliona anaanza kunenepa. Alikuwa anaimba akichota maji.

Baadaye mwani ukaanza kufa.

Haukufa wote. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Ulikufa katikati ya shamba: ncha zikawa nyeupe, mashina yakalegea, ukiugusa unaachia kamba na kwenda na maji. Pembeni ulikuwa mzima. Mashamba ya jirani yalikuwa mazima. Wanawake walisema ni kijicho, kuna mtu. Bi Mkubwa akawajibu, "Kijicho cha nani kwenye shamba lililooza?" Lakini alipobaki peke yake nilimwona ameshika tama, anatazama pale ufukweni kwa muda mrefu, na sikuthubutu kumsogelea.

Nikashika mrija wangu, nikaenda korongoni, nikapima. Safi. Nikapima tena. Safi. Nililia kwa hasira pale pale. Kitu kilikuwa kinamwondoa Bi Mkubwa kisiwani na kipimo changu kilikuwa kinaniambia kila kitu ni shwari. Jumapili mwanawe akapiga simu, akauliza habari za shamba, na Bi Mkubwa hakumficha. Nilisikia akisema, "Mwezi ukiandama, mwanangu. Njoo unichukue." Akakata simu, akaenda kukoka moto.

Wiki hiyo kulikuwa na harusi kijijini inakuja, na harusi ya kule bila mikeka si harusi. Mimi nilikuwa na safari ya Kilindoni kupokea chupa mpya zilizokuja na boti. Nilikwenda asubuhi, nikachelewa, nikarudi mchana juu ya pikipiki na boksi limenibana kifuani. Nikamwambia dereva anishushe machimboni nichukue kipimo cha siku.

Nilipofika kwenye ukingo wa bwawa nilidhani nimepatwa na jua. Bwawa lilikuwa jekundu. Si jekundu la udongo, hilo nalijua. Lilikuwa na ile rangi nzito ya mikeka na kofia za wazee, rangi ambayo kila mtu anaiita damu ya mzee. Mawingu yalikuwa yanapita humo ndani, meupe juu ya damu ya mzee, na kerengende mmoja amekaa juu ya jani hana hili wala lile. Kilikuwa kitu cha kupendeza kuliko vyote nilivyoviona kisiwani, nami nilikuwa nimejaa ghadhabu.

Ukingoni walikaa wanawake, wameinua kanga magotini, wanasuuza matita ya ukindu wa kusukia mikeka waliouchemsha rangi. Na katikati yao, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, alikuwa Bi Mkubwa.

"Jamani!" nikapiga ukelele. "Jamani, hamna macho? Kibao kile hamkioni? Marufuku kuosha! Marufuku!"

Mmoja wao akasema kwa upole kwamba maji ya kisima hayatoshi, na ukindu usiposuuzwa vizuri unamwachia bwana harusi rangi kwenye kanzu. Wenzake wakaanza kucheka chini kwa chini. Hapo ndipo hasira zilipopanda kabisa. Mimi hasira zangu ziko puani, hazina safari ndefu. Nikawaambia kwamba maji haya napima mimi, kwamba wakubwa wakija wakikuta damu ya mzee watasema nini, kwamba nimelowa masika mazima kwa ajili ya bwawa hili na wao wanaligeuza sufuria. Nikamgeukia Bi Mkubwa. "Na wewe! Wewe unajua! Wewe!"

Hakunijibu kwa ukali. Alikung'uta tita lake la ukindu, akaliweka begani, maji mekundu yakamtiririka mgongoni. "Mwanangu," akasema, "mimi naondoka. Nataka niache mkeka mmoja kwenye harusi ya watu. Maji yako yatatakata, wewe ndiye unayesema kila siku yanatakata." Akapita pembeni yangu akateremka njia ya nyumbani.

Siku kadhaa hatukuzungumza sawasawa. Salamu tulipeana, chakula alinipakulia, lakini maneno yalikuwa machache, na nilikuwa naumia. Nilikwenda bwawani kila siku. Rangi ilikuwa inafifia, nami sikuelewa, maana mlangoni hapakuwa na maji yanayotoka. Nikakaa ukingoni natazama. Maji yalikuwa yanashuka polepole, na karibu na upande wa mawe, kwenye kona ambayo sikuwa na sababu ya kuitazama, jani kavu la mvinje lilikuwa linazunguka. Linazunguka, linazunguka, halafu likaenda chini. Nikatazama jingine likafanya vile vile. Nikaondoka pale nikiwa nusu usingizini, sijui hata niliona nini.

Bamvua ikaja, ile bahari inayokupwa mpaka unadhani haitarudi. Bi Mkubwa alichukua kisu na gunia kwenda kung'oa vigingi vyake, maana mwanawe alikuwa anafika wiki hiyo. Nikamfuata bila kuitwa. Hakunifukuza. Tulitembea kwenye mchanga ulio wazi, mweupe, umejaa vidimbwi, anga imelala kila mahali chini ya miguu yetu, na kwa mbali wanawake wengine wameinama mashambani kwao wadogo kama vifungo. Jua lilikuwa bado halijawa kali.

Tulipofika katikati ya shamba, Bi Mkubwa alisimama. "Ala," akasema.

Mchanga ulikuwa unapumua. Katikati ya kamba, pale pale palipokufa mwani, chembe za mchanga zilikuwa zinacheza, zinainuka na kutua, na maji yalikuwa yanachipuka kutoka chini, sehemu moja, mbili, kisha ukizoea kuona, kila mahali. Na maji hayo yalikuwa ya rangi ya waridi. Waridi laini, limetandaa kwenye mchanga mweupe kati ya kamba tupu, limeishia kwa mstari mahali ulipoanza mwani mzima.

Nikapiga magoti. Nikachovya kidole, nikalamba.

"Wee!" Bi Mkubwa akanishika mkono. "Unakunywa rangi?"

"Bi Mkubwa, onja."

"Sionji mimi."

"Onja, nakuomba!"

Akachovya, akaweka ulimini, akatulia. Nikaona uso wake unabadilika. "Ni matamu," akasema.

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, sina aibu ya kulisema. Kumbe bwawa halikukaushwa na jua. Lilikuwa na tundu kwenye yale mawe ya kale, na kila mvua tuliyoizuia isipite korongoni ilikuwa inashuka humo, inapita chini ya mivinje, chini ya njia, chini ya nyumba yake na jiko lake na kitanda changu, na kuibukia hapa. Maji safi kabisa, hayana tope hata chembe. Lakini mwani ni mtoto wa chumvi, maji matamu yakiupata chini ya miguu mchana na usiku unakuwa mweupe na kufa. Nilimweleza yote hayo kwa pumzi moja, nimepiga magoti, natupa mikono huku na huku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna kijicho."

"Hakuna."

"Na tope hakuna."

"Hakuna, Bi Mkubwa. Ni mvua tu. Na rangi yako ndiyo imeionyesha."

Akautazama ule mstari wa waridi, akaufuata kwa macho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akatazama na bahari kule mbali, ambayo ilikuwa imeshaanza kugeuka. Kisha akanitupia gunia. "Basi unakaa nini? Maji yanajaa! Ng'oa!"

Sijawahi kufanya kazi vile. Tuling'oa vigingi vyote vilivyokuwa ndani ya waridi, tukavikimbiza nje ya mstari, yeye anaonyesha kwa mguu, mimi nagonga kwa jiwe, anagombana na mimi kwamba nagonga kama ninayetwanga kisamvu. Alinituma mbio nyumbani nikalete kigingi cha mumewe kilichoegemea ukutani. Nilikileta. Akakishika, akakibusu, akakipigilia mwenyewe pembeni kabisa, mahali penye chumvi. Bahari ilikuja ikatufika visigino, ikatufika magoti, mabuti yangu yakajaa, na waridi lile likaanza kutawanyika mbele ya macho yetu mpaka tukabaki tunakumbuka tu lilipokuwa. Tulirudi tukiwa tunashikana, tumechoka hoi. Njiani alisema, "Yale maneno yako ya bwawani." Nikamwambia anisamehe. "Nimekusamehe. Lakini unapiga kelele, mwanangu. Unapiga kelele kama mtu aliyeuziwa samaki aliyevunda."

Mwanawe alifika. Alimkuta mama yake majini, kanga imefungwa kiunoni, anafunga mbegu mpya. Alisimama ufukweni na viatu vyake vizuri, simu mkononi, anaita, "Mama! Shikamoo! Mama, tulikubaliana!" Bi Mkubwa akaitikia marahaba bila kunyanyuka. Akamwambia mwani haujafa, ulikuwa umekaa mahali pabaya, na kwamba neno lake liko pale pale: ukifa atakwenda. Halafu akamwambia ashike ncha ile ya kamba. Yule bwana alitazama huku na huku, akavua viatu, akakunja suruali. Alikaa siku tatu na aliondoka na mgongo unauma. Begi hakulitaja.

Mwani haukufa. Uliota mweusi, mnene, umezunguka ule uwazi wa katikati ambao Bi Mkubwa alikuwa akiwaambia watu ni chumba cha mvua. Wakubwa nao walikuja, wakashika viuno, nikawaonyesha tundu. Nikapima maji yanayoibukia ufukweni kila bamvua, msimu baada ya msimu, na yalikuwa safi. Wakasema yaachwe yapite yanapopita. Wakasema kazi nzuri. Masika mengine yakaja na kwenda, na asubuhi moja bosi akapiga simu, sauti yake imejaa furaha, akaniambia kidonda kimepona rasmi, hakuna haja ya kupima tena, nijiandae kurudi bara.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kwa masika yote yale nilikuwa nikiomba maji yatakate. Nilikimbia kwenye mvua, nililia, nilitukana watu, ili yatakate na Bi Mkubwa abaki. Haikunijia hata siku moja kwamba yakitakata, wa kuondoka ni mimi.

Nilipanga vitu vyangu kwenye ndoo na mifuko ya rambo. Siku ya kuondoka Bi Mkubwa alisikia navitupatupa, akaingia bila hodi. Alikuwa anakokota begi la buluu. Nailoni ameshaivua. Amelifuta, zipu ameipaka nta, na ndani amenitandikia mkeka mdogo, umesukwa kwa ukindu mweupe na damu ya mzee.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki nini? Chukua. Mimi sina safari, mwenye safari ni wewe."

Nikamkumbatia. Alikuwa mdogo mikononi mwangu, ananuka moshi na bahari, na aliniacha nilie bila kunichekesha, yeye ambaye hakujua kuacha kunichekesha. Pikipiki ilikuwa inanisubiri njiani. Magurudumu ya begi yakazama kwenye mchanga, ikabidi nilijitwike kichwani. Kabla sijafika barabarani mvua ikaanza, ile ya ghafla, ya matone mazito. Watu wote wakakimbilia ndani, dereva akaingia chini ya paa la duka, majirani wakaanua mihogo yao. Niligeuka. Bi Mkubwa alikuwa ametoka nje, amesimama katikati ya uwanja wake, kanga imemganda mwilini, na hakuingia ndani mpaka niliposhindwa kumwona.